Kununua Safari kwa Dalali Asiyeonekana

Mvua ya masika ilikuwa ikipiga mabati ya Mji Mkongwe, Unguja, nami nimeketi katika afisi ndogo chini ya ngazi ya nyumba moja ya wageni nikingoja ipungue, pale msimamizi wa nyumba ile, mtu wa makamo mwenye subira nyingi, aliponigeuzia kioo cha tarakilishi yake ili nione jambo ambalo wageni hawaonyeshwi. Ilikuwa kalenda ya vyumba. Nyumba yake ina vyumba kumi na kimoja. Lakini kwa tovuti kubwa ya kukatia nafasi alikuwa amefungua viwili tu, kwa kuwa vilivyosalia aliwawekea wageni wapigao simu wenyewe na mawakala wa safari aliowazoea kwa miaka mingi. Nilitoa simu yangu, nikaifungua tovuti ile ile, nikaitafuta nyumba ile ile kwa usiku ule ule, na kwa herufi nyekundu nikaambiwa nifanye hima, kwani vyumba viwili tu vimebaki. Nikainua macho. Nyuma ya kichwa chake, kwenye ubao wa misumari, funguo tisa zilikuwa zikining'inia.

Maneno yale mekundu hayakuwa uongo, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Vyumba viwili vilikuwa vimebaki kweli, katika tovuti ile. Habari ya funguo tisa haikuwahusu waandikao maneno mekundu. Nimekuandikia mwongozo huu, ndugu msomaji, wewe unayetaka kuipeleka aila yako Unguja sikukuu ijayo, au Lamu, au Ngorongoro, nawe utainunua safari hiyo kwa kidole kimoja juu ya kioo kisichozidi kiganja, aghalabu usiku, watoto wamelala na wewe mwenyewe macho yamechoka. Nataka uijue tovuti kuwa ni dalali, tena dalali hodari, na uamiliane nayo kama mtu mwenye akili anavyoamiliana na dalali wa nyumba au wa shamba: kwa heshima, kwa maswali mengi, na mkoba ukiwa bado kwapani mwako.

Dalali huyu si wa jana. Mwaka 1996 Booking.com ilianza Uholanzi, na mwaka huo huo Expedia ikazaliwa ndani ya Microsoft huko Marekani. TripAdvisor ikafuata mwaka 2000, na Airbnb mwaka 2008. Ujira wa wengi wao hutoka zaidi kwa mwenye nyumba kuliko kwako. Kwa kila usiku utakaolala, mwenye nyumba humkatia dalali fungu lake, ambalo kwa kawaida ni kiasi cha asilimia 15 na huweza kuzidi hapo, na zipo nyumba zinazokubali kutoa zaidi ili zipandishwe juu katika orodha. Basi uionapo nyumba imetajwa ya kwanza, usifanye haraka kudhani kwamba imetangulia kwa uzuri au kwa urahisi wa bei. Huenda imetangulia kwa sifa, huenda imetangulia kwa fungu, na huenda kwa vyote viwili. Kwa hiyo kabla ya kutazama nyumba yoyote, tafuta kile kitufe cha kupanga orodha, uipange kwa bei au kwa alama za wageni, kisha ushuke mpaka ukurasa wa pili na wa tatu, mahali ambapo wengi hawafiki.

Sasa tuseme juu ya picha, maana ndizo zishikazo moyo kabla ya akili kuamka. Mwaka 2009 waanzilishi wa Airbnb, biashara yao ikiwa karibu kufa, waligundua kwamba nyumba zao za New York hazikodishwi kwa sababu picha zake ni mbovu, zimepigwa gizani kwa simu. Wakakodi kamera nzuri, wakaenda mlango kwa mlango wakizipiga upya, na mapato yao ya mji ule yakaongezeka maradufu. Vyumba havikubadilika hata tofali moja. Kilichobadilika ni mwanga na pembe ya kamera. Tangu hapo kila mwenye nyumba amelijua somo hilo. Mpiga picha wa kazi hii husimama pembeni mwa chumba na lenzi pana, chumba cha hatua nne kikaonekana ukumbi. Husubiri jua la alasiri. Huweka maua ambayo hutayakuta.

Hapo pwani kuna hila nyingine, nayo si ya kamera bali ya saa. Nilikata nafasi siku moja katika nyumba ya Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa picha ya maji ya buluu yaliyofika kwenye ngazi za baraza, hata mtu angeweza kuning'iniza miguu akaogelea. Tulifika mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama. Asubuhi saa nne watoto walitoka mbio na nguo zao za kuogea, wakasimama wameduwaa: bahari ilikuwa imekwenda zake karibu na mwamba, mstari mweupe wa mawimbi kule mbali, na kati yetu na maji ulikuwepo upwa mtupu, mchanga wenye vidimbwi, na wanawake wa kijiji wameinama wakifunga mwani kwenye kamba, kazi ambayo pwani ile imeifanya kwa biashara tangu 1989. Ilikuwa bamvua. Mtu wa pwani nilipaswa kulijua hilo, lakini picha ilinisahaulisha nilichokijua tangu utotoni, na huo ndio uwezo wa picha nikuoneshao. Saa kumi alasiri maji yalirejea, yakapanda ngazi kama yalivyopigwa picha, na watoto wakaogelea mpaka magharibi.

Picha ile ilisema kweli ya saa kumi, ikanyamaza juu ya saa nne. Maadamu unakwenda pwani, basi, tazama kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya tovuti. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na kwa Unguja kupwa kwake huangukia katikati ya asubuhi. Kati ya siku hizo huwa maji mafu, yasiyokwenda mbali. Ukitaka kuogelea saa yoyote, elekea kaskazini, Nungwi na Kendwa, ambako bahari haiendi mbali. Ukitaka upwa wa kutembea, makombe na utulivu, basi Jambiani, Paje na Bwejuu zitakufaa mno, ilimradi umejua unachokinunua. Kadhalika zipitie picha zilizopigwa na wageni wenyewe, zile zilizopinda na zenye taulo kitandani, kwa sababu hizo ndizo zitakazokuonesha bomba la msalani na umbali wa jengo la jirani. Fungua na ramani ya setilaiti uhesabu hatua toka mlangoni hadi ufukweni. Maneno "karibu na bahari" hayana kipimo, ramani inacho.

Juu ya bei nitakaa kidogo zaidi, maana hapa ndipo penye uchungu. Huko Australia, mwezi Januari 2020, Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba trivago, ambayo kazi yake ni kulinganisha bei za hoteli, iliwapotosha wanunuzi. Bei iliyowekwa juu kabisa kwa rangi ya kijani, ambayo mtu yeyote angeidhani ndiyo ya chini, aghalabu haikuwa ya chini. Tovuti zilizolipa zaidi kwa kila mbofyo ndizo zilizopewa mahali pale, na katika asilimia 66.8 ya nyumba zilizochunguzwa kulikuwapo bei nafuu kuliko ile ya juu. Tena bei iliyokatwa mstari pembeni yake, ili uone umeokoa kiasi gani, mara nyingine ilikuwa ya chumba cha kifahari, ilhali unachouziwa ni chumba cha kawaida cha hoteli ile ile. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitozwa faini ya dola za Australia milioni 44.7.

Ninalokuomba ulichukue katika hadithi hiyo ni ule mstari. Bei iliyokatwa ni kigingi. Macho hufungwa pale kama mbuzi, na kila bei inayofuata huonekana ndogo kwa kupimwa nayo. Ukiona shilingi laki tatu zimekatwa na laki moja na tisini zimeandikwa chini, moyo hufurahia laki moja na kumi ambazo hukuwahi kuwa nazo wala hukuzipoteza. Chukua karatasi. Andika bei ya usiku mmoja, zidisha kwa idadi ya siku, ongeza kodi kama haijahesabiwa, nayo kwa kawaida Tanzania bara ni asilimia 18 na Kenya 16, ongeza malipo ya usafi, chai ya asubuhi kama haimo, na gharama ya kufika: mathalani Lamu, ambako ndege hutua Manda ng'ambo ya mlango wa bahari na sharti uvuke kwa boti, na gari halikusaidii kitu mjini. Fanya hesabu hiyo kwa nyumba tatu. Mara nyingi nimeona nyumba iliyokuwa ghali kwenye kioo ikawa rahisi kwenye karatasi.

Na usisahau uraia wako. Hifadhi za Tanzania na Kenya zina viingilio vya wenyeji na wana Afrika Mashariki, vilivyo chini sana ya vile vya wageni wa mbali, na hoteli nyingi zina bei ya wenyeji isiyoandikwa popote kwenye tovuti ya kimataifa, kwa kuwa tovuti hiyo inamdhania kila anunuaye kuwa ni Mzungu wa Milano. Ukilipa kwa dola ukiwa na kitambulisho cha Tanzania mfukoni, umetoa sadaka bila ya nia. Ama kama unampokea ndugu anayekuja na pasipoti ya Omani, ya Kanada au ya Uingereza, mfahamishe mapema kwamba tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje aingiaye Zanzibar hulazimika kununua bima ya hapo hapo kwa dola 44, wala haitoshi ile aliyoinunua kwao.

Haraka ni silaha ya tatu ya dalali, baada ya picha na bei, nami nimekwisha kuianza pale kwenye ubao wa funguo. Mwezi Februari 2019 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilitangaza ahadi za tovuti sita, zikiwamo Expedia, Booking.com, Agoda na trivago, kwamba zitaacha kuwasukuma wanunuzi kwa namna za kupotosha. Miongoni mwa malalamiko ilikuwa kumwambia mtu kwamba wengine kadhaa wanaitazama hoteli hiyo hiyo, pasipo kumjulisha kwamba huenda wanaitazama kwa tarehe nyingine kabisa. Desemba mwaka huo huo Booking.com iliiahidi Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya kwamba ikiandika "chumba cha mwisho" itabainisha kuwa ni cha mwisho katika tovuti yake. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka msimamizi wangu na misumari yake.

Dawa yake ni nyepesi kuitaja na nzito kuitumia: usinunue usiku. Chagua usiku, andika majina matatu, lala. Ukiamka na bado unaipenda nyumba ile, inunue baada ya chai. Chumba kikitoweka kwa saa nane hizo, katika mji wenye mamia ya nyumba za wageni, hukupata msiba. Nabagua nyakati chache ambapo haraka ina haki: sikukuu za mwisho wa mwaka, Idi, na siku za Maulidi ya Lamu, wakati mji ule hufurika watu na vyumba kuisha kweli, hapo kata nafasi miezi kabla.

Jihadhari vilevile na neno tamu la "kughairi bila malipo." Lina faida, sikatai, lakini huondoa hofu yako ya kukosea, na hofu ikiondoka uchunguzi nao huondoka. Soma tarehe ya mwisho ya kughairi na saa yake, kisha iandike mahali utakapoiona.

Sasa ushahidi wa wageni, hizo nyota na alama. Una thamani ya fedha taslimu: utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell uliotolewa mwaka 2012 ulionesha kwamba hoteli ikipanda alama moja katika kipimo cha tano, huweza kuongeza bei kwa asilimia 11.2 bila ya kupoteza wateja. Penye faida kama hiyo waghushi hawakosi. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, kusini mwa Italia, ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miezi tisa kwa kuuza sifa za uongo kwa mahoteli na migahawa. Na mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler wa London alikisajili kibanda cha bustanini mwake kuwa mgahawa katika TripAdvisor, akapiga picha za vyakula vilivyotengenezwa kwa povu la kunyolea ndevu, marafiki zake wakaandika sifa, na ilipofika Novemba kibanda hicho kikawa mgahawa wa kwanza kwa ubora London nzima, pasipo kupika hata sahani moja. Watu walipiga simu wakisihi wapatiwe meza.

Hata hivyo sitakuambia uache kusoma ushahidi. Mimi husoma kuliko nitazamavyo picha. Ila husoma kwa utaratibu wangu. Huanza na alama za katikati, tatu katika tano au saba katika kumi, kwa maana aandikaye hapo hakuja kusifu wala kulipiza kisasi, amekuja kusema. Huwapuuza wasemao "pazuri mno, nitarudi tena" na wasemao "msije kabisa," huwatafuta wanaotaja kitu: feni, msikiti wa jirani, ngazi zenye giza, jina la chai. Hutazama tarehe, kwa kuwa nyumba hubadili mwenyewe, na sifa za miaka mitano zaweza kuwa za mtu aliyekwisha kuondoka. Huuliza pia ni nani aliyeruhusiwa kushuhudia: katika Booking.com aandikaye lazima awe alikata nafasi kupitia hapo, ilhali kwingine milango iko wazi kwa kila apitaye. Na husoma majibu ya mwenye nyumba. Amjibuye mgeni mwenye malalamiko kwa adabu na kwa maelezo, huyo hata kosa likitokea nikiwa kwake nina matumaini naye. Amjibuye kwa matusi, namwachia nyumba yake.

Ukishachagua, piga simu. Hili ndilo shauri nililolishika kuliko yote. Litafute jina la nyumba kwenye ramani, chukua namba, sema salamu, useme: "Nimeiona nyumba yenu mtandaoni kwa bei kadha, je, nikikata nafasi kwenu moja kwa moja mtanifanyiaje?" Kumbuka lile fungu la dalali. Mwenye nyumba aghalabu atagawana nawe: atapunguza kidogo, au atatia chai ya asubuhi, au atamtuma kijana aje kuwapokea bandarini. Fauka ya hayo utapata majibu ambayo ukurasa hautoi, juu ya maji ya kupwa, juu ya jenereta, juu ya kitanda cha mtoto, na sauti itakayokujibu itakuambia mengi juu ya nyumba.

Lakini akikutaka arbuni kwa M-Pesa au benki, hakikisha jina la mpokeaji ni la nyumba au la kampuni, upewe stakabadhi, wala usitume yote. Kwa safari za mbugani au Kilimanjaro, iombe kampuni leseni yake, ambayo Tanzania huitwa TALA. Mwenye kazi halali hataona haya kuionesha. Ukiona mambo hayo yanakuchosha, au bei ya simu si nafuu, au mtu wa upande wa pili anakwepa maswali, rudi kwa dalali ukate kwake bila ya kinyongo. Kwa insafu lazima niseme kwamba anakupa kumbukumbu ya maandishi, njia ya kurudishiwa fedha, na mahali pa kushtakia. Katika mji usiokuwa na mtu umjuaye, asilimia zake huwa zimepata kazi.

Wezi nao wameijifunza njia hii. Wapo wanaoingia kwa siri katika akaunti ya hoteli yenyewe, kisha wakakuandikia kupitia tovuti ile ile, kwa jina lako na tarehe zako sahihi, kwamba kadi yako imekataliwa na ulipe upya kwa kiungo hiki kabla ya saa ishirini na nne kupita. Usiguse kiungo hicho. Piga simu hotelini. Na ukitafuta kibali cha kuingia nchi, angalia mwisho wa anwani: Kenya, iliyoleta idhini ya kusafiri ya kielektroniki Januari 2024, hutumia .go.ke, na Tanzania .go.tz; ama zile zinazofanana nazo na kutangulia kwenye utafutaji kwa sababu zimelipia tangazo, zitakutoza zaidi kwa jambo lile lile.

Na ukirudi salama, lipa deni lako kwa atakayekufuata. Usiandike kwamba pazuri. Andika kwamba mlifika siku mbili baada ya mwezi kuandama, kwamba saa nne asubuhi maji yalikuwa mbali na saa kumi yalikuwa yamekwisha kufika ngazini, kwamba chai ilikuwa na mandazi ya moto, na kwamba feni ya chumba cha juu, upande wa mnazi, hupiga kelele.